Chujio la Darasani Linapogoma: Dalili na Visababishi vyake

Zoezi lenyewe linajulikana. Chupa ya plastiki hukatwa kitako, ikageuzwa juu chini, ikajazwa pamba, mkaa, mchanga na kokoto, kisha darasa zima linakodoa macho kuona maji ya tope yakitoka meupe. Walimu wengi wa Sayansi Jumuishi katika Gredi ya 7 hadi ya 9 hapa Malindi wamelifanya au watalifanya. Na wengi wataona mambo ambayo mchoro wa kitabuni hauonyeshi: maji yanatoka meusi, au hayatoki kabisa, au yanakuwa meupe kabla hata hayajamiminwa kwenye chujio.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Umepangwa kwa dalili, yaani kwa kile ambacho mwanafunzi atakuita uje ukione mezani kwake. Kabla hujaanza, shika jambo moja: chujio lililogoma ndilo somo, kwa hiyo usikimbilie kulitengeneza wewe. Muulize mwanafunzi anadhani hitilafu iko wapi, aibadilishe sehemu moja tu, apime, ndipo aguse nyingine. Kikundi kitakachobadilisha mchanga, pamba na mwendo wa kumimina kwa mpigo mmoja kitapata maji safi bila kujua ni kwa nini, na kesho kikiambiwa kirudie, kitashindwa.

Jambo la pili si la mjadala. Maji ya zoezi hili hayanywewi, hata yakitoka yanang'aa. Sababu nitaieleza huko mbele, kwa urefu.

Dalili: vikundi vinabishana maji ya nani ndiyo meupe

"Ticha, yetu ndiyo nyeupe!" Vikundi sita vyote vinasema hivyo, na kila kimoja kina mashahidi wake. Kisababishi ni kwamba hamkukubaliana kipimo kabla ya kuanza. Hili ni kosa la mpango wa somo, na chujio halihusiki.

Tafuta gilasi ndefu iliyonyooka, isiyo na rangi wala mikunjo. Chora msalaba mweusi kwenye karatasi nyeupe, uweke gilasi juu yake. Mwanafunzi mmoja achungulie kutoka juu, mwingine amimine maji taratibu mpaka msalaba upotee. Kisha pima kimo cha maji kwa rula. Maji ya tope zito yataufunika msalaba kwa sentimita mbili tatu. Yaliyochujwa vizuri yatajaza gilasi na msalaba ungali unaonekana. Mchunguliaji awe yule yule kwa vikundi vyote, na kipimo kifanyike mahali pamoja, kivulini. Jua la saa sita likipenya ubavuni mwa gilasi, hupati namba ya kuaminika.

Wahandisi wa maji wana kifaa kinachopitisha mwanga ndani ya maji na kupima mwanga unaotawanywa na chembe. Kizio chake ni NTU. Jicho la kawaida huanza kuona ukungu kwenye maji karibu na NTU 4 au 5, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini. Waambie wanafunzi hivyo mapema: wakati jicho linasema "safi", kazi ya mtambo bado haijaisha.

Dalili: maji machafu yanajisafisha yenyewe ndooni

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayowachanganya walimu zaidi. Umekoroga udongo kwenye ndoo asubuhi. Kipindi kinaanza saa nne, unakuta tope limelala chini na juu maji yamekaa yakikutazama, meupe. Kuna visababishi viwili, na ni muhimu uvitenganishe.

Cha kwanza ni cha kawaida: udongo wenyewe ni mzito. Mchanga na chembe kubwa hutuama kwa dakika chache. Kama ulichukua udongo wa kichanga, huna tope, una mashapo tu. Tumia udongo wa mfinyanzi wa shambani, uuchekeche ukiwa mkavu, ukoroge ndoo kabla ya kumgawia kila kikundi. Usipokoroga, kikundi cha mwisho kitapewa maji mepesi na kitashinda bila jasho. Weka pia chupa moja ya maji hayo pembeni, isiyoguswa na mtu, iwe chupa ya shahidi. Kila mara kikundi kikidai chujio lake limesafisha maji, kilinganishe na shahidi.

Ninasema udongo wa shambani kwa makusudi. Usiwatume watoto Sabaki kuchota maji. Mto una viboko na mamba, na maji baridi ya Pwani yana kichocho.

Kisababishi cha pili kimejificha: umekorogea udongo wako kwenye maji ya kisima. Visima vingi karibu na ufuo huwa na chumvichumvi, na vikichimbwa katika mwamba wa matumbawe huwa na kalsiamu tele. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi juu yake. Kwa kuwa zote zina chaji moja, zinasukumana, haziungani, na kwa udogo wake zinaweza kuelea siku kadhaa. Chumvi inapoingia, ayoni zake zenye chaji chanya huzizunguka chembe na kupunguza ule msukumano. Chembe zikigongana sasa zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Ayoni ya kalsiamu, yenye chaji mbili, hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi kuliko ile ya sodiamu.

Kwa maneno mengine, kisima chako kilishalianza somo kabla yako. Na jambo hilo hilo hutokea kaskazini mwa mji, Sabaki inapoingia baharini kabla ya kufika Mambrui: udongo uliobebwa tangu huko juu mto ukiitwa Athi, kisha Galana, unakutana na maji ya chumvi, unaanza kushikana na kuzama. Msimu wa mvua kila mtu wa Malindi huiona bahari ikigeuka rangi ya kahawia. Ni wachache walioambiwa shuleni kwamba pale mdomoni pana mtambo wa kutuamisha maji usio na mwenyewe.

Kuhakikisha, weka gilasi mbili, kijiko kimoja cha udongo katika kila moja. Moja itie maji ya mvua, nyingine maji ya kisima. Koroga, uziache saa moja. Ya kisima ikitangulia kuwa nyeupe, umekipata kisababishi. Ushauri wangu ni usiifiche tofauti hiyo. Ahirisha chujio, ufundishe hilo kwanza, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuelewa shabu, dawa ya kutuamisha tope.

Dalili: shabu imetiwa, lakini vibonge havionekani

Shabu inapatikana kwenye maduka ya viungo na dawa za kienyeji, huuzwa kwa mapande yanayoonekana kama barafu. Wapo wanafunzi watakaokuambia nyumbani kwao hutiwa kwenye maji ya kisima. Kazi yake ni kuleta aluminiamu yenye chaji chanya kali, inayoondoa msukumano wa chembe na kutengeneza vibonge laini kama machicha ya nazi, ambavyo huzama na uchafu. Visipojitokeza, fuata mpangilio huu.

Anza na kipimo. "Kidogo" na "kwa kukisia" ndivyo visababishi vya kwanza. Twanga shabu, uyeyushe gramu 10, ambazo ni karibu vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kwenye lita moja ya maji. Sasa kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za shabu. Nunua bomba la sindano kwenye duka la dawa, bila sindano yenyewe, uwe na kipimo cha uhakika. Panga vyombo vitano vyenye lita moja moja ya maji ya tope, uvitie mililita 1, 2, 4, 6 na 10. Mitambo ya maji kote duniani huamua kipimo cha dawa kwa jaribio la namna hii hii, na hulirudia maji ya mto yanapobadilika. Kwa hiyo mwanafunzi hachezi hapa, anafanya kazi ya mtu wa maabara ya maji.

Usishangae chombo chenye shabu nyingi kikiwa na ukungu kuliko cha katikati. Dawa ikizidi, chembe huweza kujaa chaji chanya na kuanza kusukumana upya. Kikundi kilichopata matokeo hayo hakijakosea. Kimevuka kipimo, na hilo liandikwe kwenye jedwali, lisifutwe.

Pili, tazama mkono. Watoto wanapenda kukoroga kwa kasi mwanzo mpaka mwisho. Kasi inatakiwa kwa dakika moja tu, ili shabu isambae. Baada ya hapo ni kukoroga polepole kwa dakika 15, ili vibonge vidogo vikutane na kuwa vikubwa bila kuvunjika. Kisha mwiko utoke, maji yaachwe yatulie nusu saa. Kama mwanafunzi anasema "vilikuwapo, vimepotea", jua amevivunja mwenyewe. Kukoroga polepole kwa dakika 15 ni adhabu kwa kijana wa Gredi ya 8, wapokezane.

Tatu ni maji yenyewe, na hapa ndipo mwalimu mwenye bidii ananaswa. Umesoma sehemu iliyotangulia, ukaamua kuacha maji ya kisima na kutumia ya mvua, ili shahidi asijisafishe. Sasa shabu imegoma. Shabu inapofanya kazi hutoa asidi. Maji ya kisima cha matumbawe yana kitu cha kuizima asidi hiyo, kwa sababu yamelala ndani ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua hayana. pH, yaani kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, inashuka, na chini ya 6 hivi vibonge haviundiki vizuri, aluminiamu inabaki imeyeyuka majini. Dawa ni chembe ndogo ya magadi, iliyoyeyushwa kabla ya kutia shabu. Jaribu vyombo viwili vya maji ya mvua, kimoja chenye magadi na kimoja kisicho nayo, vyenye shabu sawa. Tofauti ikionekana, umepata jibu.

Ukitumia mbegu za mlonge badala ya shabu, visababishi vinabadilika. Mlonge hufanya kazi kwa protini yenye chaji chanya, na hausumbuliwi na maji ya mvua kama shabu. Ukigoma, mara nyingi mbegu ni kuukuu au imetwangwa na ganda lake. Menya, uchukue kiini cheupe, usage laini, ukoroge kwenye maji kidogo, uchuje kwa kitambaa, ndipo utie. Na usihifadhi maji hayo hadi kesho. Mabaki ya mbegu huoza na maji huanza kunuka, jambo ambalo ni swali zuri kwa mwanafunzi: je, umetoa uchafu au umebadilisha uchafu?

Dalili: maji yanatoka machafu kuliko yalivyoingia

Itazame rangi, itakuambia.

Meusi: vumbi la mkaa. Mkaa haukuoshwa. Uponde uwe na ukubwa wa punje za mchele, uchekeche vumbi, uoshe mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe. Ukisagwa kuwa unga, hakuna kitambaa cha darasani kitakachouzuia.

Kahawia ya chai, lakini inang'aa: makumbi ya nazi. Hapa Pwani kila darasa lina mwanafunzi atakayeleta makumbi, kwa kuwa yanapatikana bure, na mawazo yake ni mazuri, maana nyuzi hushika uchafu mkubwa. Lakini makumbi hutoa rangi. Yachemshwe na kumwagwa mara kadhaa, au yakae juu ya mkaa, kamwe yasikae chini yake.

Kahawia ya tope: mchanga haukuoshwa. Mchanga wa mto wa wajenzi ndio unaofaa, lakini huja na udongo wake. Osha ndooni, koroga, mwaga, rudia. Ni kazi ya kipindi kizima, na walimu huiruka kwa kukosa muda, halafu hupoteza vipindi viwili kutafuta hitilafu. Ioshwe jana yake.

Mchanga wa ufukweni una matatizo yake mawili, chumvi na vipande vya kome. Dondoshea maji ya ndimu: ukitoa povu, una chokaa ndani yake, na utapandisha pH ya maji yako. Si sumu, ila unaingiza jambo la ziada kwenye jaribio. Matumbawe msiyaokote kabisa kwa ajili ya kokoto. Hifadhi ya bahari ya Malindi imekuwapo tangu 1968 na kutoa chochote humo ni kosa kisheria. Kokoto za wajenzi zinatosha.

Na kama mkaa umeoshwa, maji ni maangavu, lakini rangi ya chakula uliyotia haijatoka, kisababishi ni aina ya mkaa. Mkaa wa jikoni si ule unaotumiwa mitamboni. Ule hutiwa mvuke wa joto kali au kemikali mpaka ukatoboka vitundu visivyohesabika, gramu moja ikawa na uso wa ndani unaozidi mita 500 za mraba. Wa jikoni una sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Unaweza kuusaidia kwa kupunguza mwendo, maji yadondoke tone kwa tone yakae nao muda mrefu.

Dalili: yanapita mbio, au hayapiti

Yakipita mbio, yamepata njia ya mkato kati ya mchanga na ukuta wa chupa. Plastiki ni laini na mchanga mkavu haushikani nayo. Weka maji kidogo ndani ya chupa kwanza, kisha unyunyize mchanga ndani ya maji hayo, hewa isipate pa kukaa. Juu weka kifuniko kilichotobolewa, ili mmiminiko usichimbe shimo katikati.

Yasipopita, kwa kawaida ni pamba iliyosindiliwa kwenye shingo ya chupa. Ilegeze. Kama yalikuwa yakipita na sasa yamesimama, tabaka la juu la mchanga limejaa tope. Kwangua sentimita moja, endelea. Kama yanaziba kila baada ya kikombe kimoja, tatizo haliko kwenye chujio. Wanachuja tope lisilotuamishwa. Mtambo hutuamisha kwanza na kuchuja baadaye.

Dalili: maji ni meupe, lakini bado yana chumvi

Hapa hakuna hitilafu. Chumvi iliyoyeyuka hupita kwenye mchanga, mkaa na shabu bila kuguswa. Usimruhusu mtu kuonja. Unganisha betri, taa ndogo ya LED na nyaya mbili zilizotumbukizwa majini kabla na baada ya kuchuja. Taa itawaka vile vile. Anayetaka kuondoa chumvi abuni kifaa kingine: karai la maji ya kisima juani, kikombe katikati, nailoni juu yake na kijiwe kwenye nailoni. Kufika jioni kikombe kitakuwa na maji kidogo yasiyo na chumvi, na taa haitawaka. Kwa jua la Malindi ni jaribio lisilokosa.

Dalili: vikundi vyote vimejenga chujio moja

Chupa moja, matabaka yale yale, mpangilio ule ule. Mwalimu anafurahi kwa sababu darasa limetulia. Mimi ningelihesabu somo hilo kuwa limeharibika kuliko lile la maji meusi, kwa sababu hakuna aliyesanifu chochote. Kisababishi ni mchoro uliochorwa ubaoni kabla ya swali.

Futa mchoro. Toa tatizo lenye mipaka. Familia ya watu sita inahitaji maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu, jumla lita 12 kwa siku. Vifaa vina bei za darasani: mchanga kikombe shilingi 2, mkaa shilingi 10, shabu shilingi 5, na kila kikundi kina shilingi 30. Chujio linalotoa nusu lita kwa nusu saa litahitaji saa 12 kuitosheleza familia hiyo. Ghafla watu wanaanza kugombana kuhusu mambo ya maana: chupa pana au ndefu, kutuamisha kwanza au kununua mkaa zaidi, nani atakayeamka usiku kumimina. Machujio hayatafanana tena.

Baada ya mzunguko wa kwanza, na si kabla, waeleze maji ya bomba la Malindi yanatoka wapi. Yanatoka Baricho, kando ya Sabaki, mbali na mdomo wa mto. Visima vyake vimechimbwa kwenye mchanga wa bonde la mto, kwa hiyo maji yanayopenya kutoka mtoni huchujwa na mchanga huo kabla ya kufika kwenye pampu. Huko huko ndiko inakotoka pia sehemu ya maji yanayokwenda Kilifi na Mombasa. Mwanafunzi aliyekwishahangaika na chujio lililoziba ataelewa mara moja kwa nini mhandisi aliona ni nafuu kuchimba pembeni kuliko kuchota tope katikati ya mto.

Dalili: mwanafunzi anataka kuyanywa

Usipotahadhari, atayanywa ukiwa umegeuka. Na kosa litakuwa letu, kwa sababu tumempa somo zima la kupima weupe, halafu tunamwambia weupe hautoshi. Maneno hayamshawishi. Mwonyeshe.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, uyapitishe kwenye chujio bora la darasa. Yaliyotoka yatie vijiko viwili vya sukari, uyamimine kwenye chupa, uvishe puto mdomoni, uweke mahali penye joto. Chupa ya pili iwe na maji yale yale yaliyochujwa, lakini yachemshwe kwanza na kupoa kabla ya kutia sukari. Baada ya saa moja au mbili, puto la kwanza linaanza kusimama. La pili limelala. Hamira ni viumbe hai, na vimepita kwenye chujio walilojivunia. Chembe ya hamira ina upana wa karibu maikromita 5, yaani sehemu tano za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Kijidudu cha kipindupindu ni chembamba kuliko hiyo. Kama mkubwa amepita, mdogo je?

Puto lisiposimama, usitangaze ushindi wa chujio. Jaribu kwanza hamira yenyewe kwenye maji yasiyochujwa. Huenda ilikuwa kuukuu, au maji yalikuwa ya moto mno yakaiua. Likisimama kidogo tu, chujio limepunguza idadi bila kumaliza, na hilo ndilo jibu sahihi kabisa.

Kuna kisa cha kweli kinachofaa hapa. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alifuatilia vifo akakuta vingi viko karibu na bomba la Broad Street. Mmoja wa waliokufa alikuwa mjane aliyekuwa akiishi mbali, Hampstead, ambako hakukuwa na ugonjwa. Aliyapenda maji ya bomba lile kwa ladha yake hata akawa akiletewa nyumbani. Maji hayakuwa ya tope.

Mwanafunzi makini atakuuliza basi mchanga una faida gani. Mjibu kwa kisa cha pili. Mwaka 1892 Hamburg, Ujerumani, ilikuwa ikinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na kipindupindu kiliua maelfu. Altona, mji uliopakana nao na uliochota mto huo huo upande wa chini, ulipochafuka zaidi, ulikuwa ukichuja kwa mchanga, na ukanusurika kwa kiasi kikubwa. Mbona basi mchanga wao ulizuia na wa chupa umeshindwa? Kwa sababu mitambo ile hupitisha maji polepole sana, na juu ya mchanga wake huota utando wa viumbe hai wanaokamata na kula vijidudu. Utando huo huchukua wiki kadhaa kukomaa. Chujio la vipindi viwili halina. Kikundi kikitaka kulea chujio muhula mzima, mchanga ukibaki umefunikwa na maji siku zote, kiruhusu. Ndicho kitakachojifunza zaidi kuliko wote.

Dalili: klorini imetiwa, harufu imepotea

Hatua ya mwisho ya mtambo ni kuua vijidudu. Mwalimu ndiye ashike dawa, iwe ile ya maji inayouzwa dukani, kwa kipimo cha lebo, na isichanganywe kamwe na ndimu, siki wala dawa ya choo, maana hutoa gesi ya sumu.

Tia kipimo sawa kwenye chupa mbili, moja ya maji yaliyotuamishwa na kuchujwa, nyingine ya tope. Subiri nusu saa. Kwenye tope klorini itakuwa imepungua sana au kwisha, kwa sababu imetumika kuunguza mabaki ya majani na udongo badala ya vijidudu, na vijidudu vingine vimejikinga nyuma ya chembe. Wanafunzi watataka kuongeza dawa. Waulize kwanza ni nafuu kipi, dawa mara mbili au kuchuja vizuri zaidi, na wahesabu kwa zile bei za darasani. Kama hakuna klorini, jua linafaa: chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, saa sita juani, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Nalo linadai maji maangavu, kiasi kwamba ukiisimamisha chupa juu ya gazeti na kuchungulia mdomoni uweze kusoma kichwa cha habari.

Kupima klorini iliyobaki, usitegemee pua. Hoteli za Malindi zina mabwawa ya kuogelea, na anayeyatunza huwa na karatasi za kupimia. Ukimwendea kwa adabu na kumweleza ni za darasa, hatakunyima chache. Ila jua kwamba karatasi hizo zimetengenezwa kwa ajili ya bwawa, ambalo huwekewa klorini nyingi zaidi. Maji ya bomba yanayofika nyumbani hutakiwa kuwa na miligramu 0.2 hadi 0.5 hivi kwa lita, na kwenye baadhi ya karatasi hiyo ni chini ya rangi ya kwanza kabisa. Kwa hiyo karatasi ikigeuka kidogo tu, bila kufikia rangi hiyo ya kwanza, mwanafunzi asiandike sifuri.